Gunia Moja, Mutu Moja

Lubonga, 6 Novemba 2000

Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Barua hii anakuletea Jean-Bosco, yule anayepanga mizigo kwenye ndege ya patroni wako wa ofisini. Mpe chai. Ni mtu mwema, lakini usimwulize mengi mbele za watu.

Mimi ni mzima na zahanati bado imesimama. Kilichobadilika ni kwamba toka mwezi jana tumepata wageni. Vijiji vitatu vya upande wa mto vimechomwa, na watu wake wamekuja kukaa kando ya kiwanja cha ndege. Ndipo mahali pekee palipo wazi katika msitu huu. Tena wanaiona ndege ikishuka, wanafikiri imewajia wao. Wamejenga vibanda vya majani pande zote mbili. Nilianza kuwahesabu, nikapita mia mbili, nikaacha, kwa maana kila siku wanaongezeka.

Barabara ya kwenda Goma imekatwa. Kwenda Bukavu kwa miguu ni majuma mawili au matatu, na katikati wako wenye bunduki. Ndege inashuka Jumanne na Ijumaa. Inaleta bia, chumvi, betri na sigara. Inarudi na magunia ya koltani, yale madini meusi. Juma lililopita mama mmoja alimshika rubani mguu, akakokotwa mpaka akaachia.

Nina wajawazito ambao watoto wao wamelala vibaya tumboni. Nina watoto wa surua. Nina mzee aliyevunjika nyonga. Mikononi nina mkasi, vidonge vya homa na maji ya chumvi. Wewe ni mke wa muuguzi, unajua maana yake.

Sasa sikiliza. Wewe ndiye unayemtengenezea patroni Namegabe zile slaidi anazowaonyesha wanunuzi wa Ulaya. Chama cha wafanyabiashara kinapangia mikutano yake hapo ofisini kwenu. Nimeandika ripoti ya kurasa kumi na moja, kila ugonjwa na kila kijiji. Iweke yote kwenye mashine, uwasomee. Wakisikia yote hawataweza kukataa kuwapandisha wagonjwa kwenye ndege.

Mbusu Zuhura. Msalimie mama yangu.

Mume wako,
Djibril


Goma, 13 Novemba 2000

Papa Zuhura,

Wa aleikum salaam. Tumepokea barua, tumeshukuru. Mama amesema unywe maji yaliyochemka, kana kwamba si wewe unayewaambia wengine hivyo.

Ripoti yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilimsomea mama, tukalia wote. Mara ya tatu niliisoma kama atakavyoisoma patroni, na nikachoka kwenye ukurasa wa pili. Usikasirike. Nakwambia ninachokijua, maana hii ndiyo kazi inayotulisha hapa.

Slaidi ni karatasi ya plastiki unayoiweka juu ya taa ili picha itokee ukutani. Si karatasi ya kusoma. Ukiijaza mistari ishirini, watu wanasoma wenyewe, wanakutangulia, na wakimaliza wanaangalia saa. Hawa ni watu walioacha duka wazi sokoni Birere. Mwili uko kitini, roho iko kwenye sanduku la pesa. Mwaka jana nilitengeneza slaidi kumi na nne kwa ajili ya Wabelgiji, namba tupu. Mmoja wao akaanza kuchora maua kwenye daftari lake. Nikazipunguza zikawa tano. Ya kwanza niliweka mkono ulioshika jiwe jeusi, basi, bila neno hata moja. Siku hiyo walitia sahihi kabla ya chakula.

Jambo moja kwa slaidi moja. Herufi kubwa ambazo hata muzee wa nyuma atazisoma bila miwani. Anza na kitu wanachokijua, kisha wapeleke kwenye kile wasichokijua. Na ukishaweka picha, nyamaza.

Watu mia mbili, Djibril, hakuna awezaye kuwaona. Nipe mtu mmoja. Jina lake, uso wake, alikuwa akifanya nini kabla ya haya. Jean-Bosco ana kamera ndogo, nimempa filamu.

Patroni nimemwambia. Amekubali kunipa robo saa kwenye mkutano wa tarehe 29. Fanya haraka.

Wako,
Kuluthumu


Lubonga, 21 Novemba 2000

Mama Zuhura,

Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa bado na hasira kwa sababu Jean-Bosco anaondoka baada ya saa moja.

Unajua unachoniomba? Unaniomba nichague. Leo asubuhi nilipotoka zahanatini na huyu mwenye kamera, wote walisimama. Akina mama waliwashika watoto wao wakawageuza nyuso kuelekea kwetu. Unasema mia mbili hawaonekani. Mimi nawaona. Najua kikohozi cha kila mmoja.

Haya. Anaitwa Cibalonza. Ana kama miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, alikuwa na mizani yake mwenyewe na anaizungumzia sana ile mizani. Mume wake alibaki nyuma siku kijiji kilipochomwa na hajaonekana tena. Ana mimba ya miezi minane na mtoto amelala kama kuni iliyokingama mlangoni. Bila kisu cha daktari hatatoka, na mama hatapona.

Tulipomwambia apigwe picha aliomba muda. Alichana nywele, akaazima kitenge kwa jirani yake Nshobole, ambaye naye ana mimba. Akauliza kama acheke au asicheke. Jean-Bosco akamwambia akae tu. Halafu akanigeukia: “Docta, nani atafika Goma mbele, miye ao picha?”

Wewe ndiye utakayemjibu.

Djibril


Goma, 30 Novemba 2000

Papa Zuhura,

Wamekubali! Naandika haraka haraka, soma pole pole.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, kando ya ziwa. Wafanyabiashara kama arobaini, simu mezani, sambusa zinanukia kule nyuma. Patroni alisema, “Huyu mama wa ofisini kwangu ana kitu kidogo cha kuonyesha.” Kidogo! Nikawasha mashine.

Slaidi ya kwanza: ndege. Niliichora mwenyewe kwa wino mweusi, wakaitambua, wakacheka, mmoja akasema nimesahau kile kiraka cha mkiani. Slaidi ya pili: uso wa Cibalonza. Niliukuza mpaka ukajaa ukuta wote. Nikanyamaza. Nilisikia feni. Kisha nikasema jina lake na ile habari ya mizani, na kwamba mtoto amelala vibaya. Muzee mmoja wa Butembo alitoa leso. Slaidi ya tatu ilikuwa na neno moja tu: JUMANNE. Kwa sababu mfanyabiashara asipopewa siku, ahadi yake inaenda nyumbani na yeye.

Patroni akasimama akagonga meza: “Huyu mutoto atatoka Jumanne, na ndege ni yangu!” Wote wakapiga makofi.

Nilikuwa na slaidi ya nne, ya wale wengine wote. Sikuiweka. Walikuwa wameshasimama, wanapeana mikono, wanaelekea kwenye sambusa. Nilifurahi njia nzima mpaka Birere. Nilipofika nyumbani nikavua viatu, ndipo nikaelewa nimeomba nini na nimepewa nini. Nafasi moja, Djibril.

Lakini ni mwanzo. Wakimwona kwa macho yao watafungua mlango na kwa wengine. Mtayarishe. Jumanne tarehe 5. Nitakuwa uwanjani.

Wako,
Kuluthumu


Lubonga, 5 Desemba 2000

Mama Zuhura,

Huyu hapa Cibalonza. Mpokee. Mpeleke hospitali moja kwa moja, usimpitishe popote, ameanza kutoka damu. Usimwulize mengi. Amechoka.

Djibril


Goma, 14 Desemba 2000

Djibril,

Nakuandikia wewe peke yako. Jean-Bosco ameapa hatafungua.

Jumanne ile nilikuta uwanjani magari sita. Patroni alikuwa na mpiga picha na blanketi jipya lenye maua. Mlango ulipofunguliwa akashuka mwanamke mjamzito mwenye kitenge kile kile cha kwenye picha. Patroni akamfunika blanketi, akasema, “Cibalonza, karibu Goma,” na wote wakafurahi. Mwanamke alitazama chini.

Wao wameona picha kwa dakika chache. Mimi nilikaa na ule uso juma zima. Niliukata kwa wembe, niliusafisha madoa. Naujua mpaka pale nyusi zinapoishia. Huyu si yeye.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Mtoto ni mvulana, mzima. Yeye mwenyewe alipoteza damu nyingi lakini madaktari wanasema atapona. Siku ya tatu nilikaa kitandani pake nikamuuliza, “Mama, jina lako nani?”

“Miye niko Cibalonza.”

“Hapana.”

Akavuta shuka, akasema, “Docta alisema niseme vile,” akageukia ukutani. Mpaka leo hajaniambia neno jingine.

Sasa patroni anataka mtoto apewe jina lake. Anataka Cibalonza aje kwenye mkutano wa mwaka mpya, tarehe 6 Januari, awashukuru wote. Amesema siku hiyo nitapewa muda wa kuonyesha slaidi nyingine. Ndiyo nafasi niliyoitafuta. Na ndani yake kuna uwongo ambao sikuutengeneza.

Cibalonza yuko wapi? Niandikie ukweli. Nimekuwa mke wako miaka tisa, hujawahi kunitumia barua ya mistari mitano.

Kuluthumu


Lubonga, 22 Desemba 2000

Mama Zuhura,

Cibalonza alikufa Jumapili tarehe 3 asubuhi, na mtoto akiwa ndani.

Uchungu ulianza Alhamisi. Ijumaa ndege ilishuka, na barua yako ya furaha ilikuwa ndani yake. Niliisoma nikikimbia. Nilimwambia rubani, ndiye huyu, ndiye mliyetumwa kumchukua. Akatazama karatasi yake. Karatasi ilisema Jumanne. Mzigo ulikuwa umeshapangwa, uzito umejaa, na aliyeruhusu ni patroni, na patroni alisema Jumanne. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya vibarua. Jean-Bosco alilia, lakini yeye si mwenye ndege. Wakaondoka. Cibalonza alikuwa amelala kwenye kibanda cha kwanza kabisa, karibu na kiwanja. Upepo wa ndege ulimwangushia majani ya paa.

Sikulaumu. Nilitaka kukulaumu, nikashindwa, kwa sababu bila slaidi zako hata hiyo Jumanne isingekuwapo. Lakini sikuweza kuandika.

Jumanne wakaja, wana nafasi moja yenye jina la maiti. Nshobole naye alikuwa ameanza kutoka damu toka alfajiri. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, nikasema, “Ndiye huyu.” Kitenge kilikuwa chake toka mwanzo.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu hivi. Nyamaza. Mwambie Nshobole anyamaze. Wakijua, watasema watu wa Lubonga ni waongo, na hapa wapo wanaongoja. Mwache Cibalonza awe mzima kule Goma. Hapa hana haja ya jina tena.

Djibril


Goma, 8 Januari 2001

Papa Zuhura,

Nilitaka kukutii. Ujue hivyo kwanza.

Safari hii sikutengeneza uso wa mtu. Uso uliwafanya waone mmoja, wampende mmoja, waende kula. Nilichora ndege tena, imepasuliwa ubavu kama samaki, na ndani yake magunia yote yamepangwa. Lakini kila gunia nililichora kwenye plastiki yake peke yake, niweze kulitoa mbele ya macho yao. Kisha nikachora watu wadogo waliokaa, kila mmoja kwenye plastiki yake, wenye upana wa gunia. Kazi ya siku kumi. Zuhura ndiye aliyekuwa akinishikia rula.

Nshobole nilimwambia maneno yako. Aliitikia kwa kichwa.

Patroni akamwita mbele: “Cibalonza, simama, wenzangu wakuone.” Akasimama na mtoto kifuani. Akamwambia patroni kitu kwa Kishi, lugha ya kwao, sauti ndogo, patroni akakunja uso. Halafu akasema kwa Kiswahili, wote wakasikia:

“Miye siko Cibalonza. Miye naitwa Nshobole. Cibalonza alikufaka siku ya Mungu. Ndege yenu ilimupita Ijumaa, akiwa analala pale pale, na mutoto ndani. Munanifurahia bure. Hii blanketi ni yake.”

Akalivua, akalikunja, akaliweka mezani.

Djibril, sijui nikuelezeje zile kelele. Wengine walisema wametapeliwa. Mmoja alisema wakimbizi wote ndivyo walivyo. Patroni alinijia mpaka usoni: “Kuluthumu, umenifanya mutoto mbele ya wenzangu? Zima hiyo mashine!”

Sikuizima. Niliweka ndege. Niliweka magunia. Sikupaza sauti, nilisema tu, “Gunia moja ni kilo hamsini. Huyu mama alipopimwa hospitalini alikuwa na kilo arobaini na tatu.” Nikatoa gunia moja, pakabaki tundu jeupe ukutani. Nikaweka mtu mmoja kwenye lile tundu. Alienea. Nikatoa la pili, nikaweka wa pili. Kelele zilipungua kidogo kidogo, si kwa huruma, nadhani walikuwa wanapiga hesabu.

Aliyeongea ni mama Katungu, mfanyabiashara wa Butembo anayekodi ndege ya patroni kila Jumanne. Hakuwa amelia mara ya kwanza, na safari hii pia macho yalikuwa makavu.

“Gunia moja ya koltani, unajua inaniletea ngapi leo?”

“Najua, mama. Mimi ndiye niliyechora slaidi ya bei.”

“Basi usinidanganye. Unataka gunia ngapi?”

“Nne. Kila safari.”

“Safari ya Jumanne ni yangu, nimeilipia kwenda na kurudi. Chukua nne.” Akawageukia wengine. “Na miye silii. Mulilia mwezi ule, mukatoa kiti moja.”

Wawili wengine, wa safari za Ijumaa, wakasema watatoa mawili mawili. Patroni alitoka bila kumuaga mtu. Leo asubuhi amenidai funguo za ofisi. Nimempa. Mashine ni yake pia, imebaki.

Nshobole yuko hapa nyumbani na mtoto. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza. Akasema, “Banaita mutoto wangu jina ya mutu mwenye alimuacha Cibalonza. Ningeitikaje?”

Nne Jumanne, nne Ijumaa. Wewe chagua wa kupanda. Najua ninachokuomba safari hii.

Kuluthumu


Lubonga, 13 Februari 2001

Mama Zuhura,

Wanaondoka. Kila ndege inaondoka na watu wanne wamekaa kati ya magunia. Jean-Bosco amesema unawapokea wewe na kuwapeleka mtaa wa Katoyi kwenye nyumba ambazo mama Katungu amezitafuta. Mungu awalipe.

Sheria yangu ni moja: anapanda asiyeweza kutembea. Muzee wa nyonga amekwenda. Wenye mimba mbaya wamekwenda. Yule msichana aliyeungua miguu umempokea. Wanaotembea wanabaki, hata wawe na njaa.

Ni sheria nzuri, na inaniua. Watu hawanisalimii tena. Wananiletea kuku, nakataa, wananichukia. Baba mmoja alinikaba shingo kwa sababu mtoto wake anakohoa lakini anatembea. Nilimwambia, “Anatembea, papa.” Akanijibu, “Nimuvunje mguu?” Nilimwona machoni kuwa anauliza kweli.

Kuhusu mkutano nilikasirika siku mbili. Kisha nilikwenda kwenye kaburi la Cibalonza nikaona mtu ameweka ubao wenye jina. Mwambie Nshobole kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Djibril


Goma, 16 Aprili 2001

Papa Zuhura,

Soma hii ukiwa umesimama, na ukimaliza uelekee kwenye ndege.

Bei ya koltani imeanguka. Ulaya hawanunui tena kwa bei ile, haifiki hata robo. Magunia yamelala Birere, hakuna anayeyauliza. Waliokuwa wanapigania nafasi kwenye ndege sasa hawataki kulipa mafuta. Safari za Ijumaa zilikufa mwezi jana, wewe mwenyewe umeona. Kesho ni ya mwisho. Mama Katungu anatuma ndege kuchukua mizani, mashine ya umeme na vijana wake wawili, basi. Nilimwendea nyumbani nikapiga magoti, akaniinua akaniambia hana tena cha kutoa, anadaiwa kila mahali.

Nilitengeneza slaidi, Djibril. Bila mashine, bila ukumbi, nilizishika mbele ya dirisha lake mwanga uzipitie. Akazitazama zote. Akasema, “Mama Zuhura, sasa ndege haina gunia ya kutoa.” Ni kweli. Mchoro wangu wote ulisimama juu ya kitu walichokitaka. Wasipokitaka, hakuna ndege wala tundu la kumweka mtu.

Amenipa nafasi moja, ina jina lako. Najua utakachofikiri. Najua utatazama ukingoni mwa kiwanja na kumwona mtu. Mimi nakuomba usitazame. Umekaa huko mwaka na nusu. Zuhura ameanza kusahau sauti yako, na mama anaumwa zaidi ya alivyoniruhusu nikuandikie.

Panda. Nitakuwa uwanjani toka asubuhi.

Mke wako,
Kuluthumu


Bukavu, 21 Mei 2001

Mama Zuhura,

Niko hai. Barua hii nampa baharia wa boti ya kesho ya kuja Goma.

Ulingoja uwanjani, na aliyeshuka hakuwa mimi. Alikuwa msichana mdogo mwenye degedege na mama yake akiwa amempakata, wawili kwa nafasi moja. Najua ulinitafuta nyuma yao mpaka mlango ulipofungwa. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, kama ulivyosema. Nilikwenda hadi kwenye ngazi, mkono wangu ulikuwa umeshashika chuma. Sitajitetea zaidi ya hapo.

Baada ya ndege kuondoka chumvi iliisha, kisha sabuni, kisha vidonge. Tulikaa siku kadhaa tukisikiliza juu. Nikawaita wote nikawaambia hakuna kitakachokuja, tutembee. Walinicheka. Siku ya pili wakaanza kufunga mizigo.

Njia sitaisimulia kwa barua. Tulipita msituni tukikwepa barabara. Tulivuka mito miwili kwa kamba. Wenye bunduki walitukuta mara moja, walichukua vyombo na vijana watatu, na mama zao walitufuata wakilia kwa sauti ya chini ili tusikamatwe tena. Wengine waliingia vijiji vya ndugu zao. Wengine niliwazika. Baba yule aliyenikaba shingo tulitembea pamoja, mtoto wake mbele yetu, na mtoto amefika.

Ninachotaka ukijue ni hiki, maana najua unakaa unahesabu wale walioachwa. Kule porini hakuna machela. Mtu asiyeweza kutembea anaachwa chini ya mti na kikombe cha maji, niliona makundi mengine yakifanya hivyo, tuliwapita watu wao. Sisi tulipoanza safari hatukuwa na mtu wa kumwacha. Wajawazito, muzee, msichana wa miguu, wote walikuwa Katoyi. Siku ya tatu ya safari nilielewa, nikakaa chini, wakafikiri nimeumwa na nyoka.

Mguu wangu wa kushoto una kidonda kibaya, nakuandikia mapema usije ukapiga kelele bandarini. Daktari wa hapa anasema vidole viwili vitakatwa, vingine vitabaki. Mwambie mama nimechelewa kidogo tu.

Nakuja na boti ya Alhamisi. Tuko watu tisa, wale wasio na ndugu hapa Bukavu. Yule baba na mtoto wake wamo. Sijui watalala wapi na sijui tutawalisha nini, na ofisi huna tena. Nimewaambia mke wangu atajua la kufanya. Nisamehe kwa hilo pia.

Djibril